UKUNGU WA KIMENDE NA KELELE ZA ABIRIA



Kuna msemo ambao haukosi kusikika kila ajali inapotokea katika barabara zetu, nao ni huu: ajali haina kinga. Wakubwa huusema mbele ya kamera, majirani huusema matangani, na dereva aliyeisababisha ajali mwenyewe huusema akiwa kitandani na bendeji kichwani. Mimi nilikuwa nikiusema pia, tena katika insha. Niliacha kuusema asubuhi moja ya mwezi wa Agosti 2024, siku tuliyofunga shule muhula wa pili.

Tulitoka langoni saa kumi na moja na nusu alfajiri, wasichana kumi na wawili wa kwenda pande za Nakuru, Njoro na Molo, ndani ya matatu ya kukodi ya viti kumi na vinne. Masanduku yetu ya bati yalipangwa nyuma na mengine yakafungwa juu ya keria. Mimi na wenzangu watatu tulikalia kiti cha nyuma kabisa kwa sababu ndicho kiti cha kuimbia. Hadi Rironi mambo yalikuwa shwari. Tulipopita pale barabara pana inapoishia na kubaki njia moja ya kwenda na kurudi, ukungu ukatupokea. Kufika Uplands hatukuona tena miti ya kando. Karibu na Kimende hatukuona hata ukingo wa lami.

Dereva wetu, kijana mpole ambaye sidhani alikuwa amezidi miaka ishirini na mitano, akapunguza mwendo mpaka kama kilomita arobaini kwa saa. Hapo ndipo kelele zilipoanza. "Dere, kwani umebeba mayai?" "Hata hiyo lori ya makaa imetupita!" "Tutafika kwetu shule ikifunguliwa!" Mwenzetu aliyeketi mbele alifungua dirisha kidogo, sote tukamfokea alifunge kwa kuwa baridi ilikuwa ya kukata masikio. Sitaficha kitu, wasomaji wangu. Maneno ya mayai yalikuwa yangu, na yalichekwa sana. Kijana wa watu alivumilia kwa muda, mwishowe akatabasamu kwa aibu, akakanyaga mafuta.

Hatukwenda mbali. Ghafla tuliona matawi ya majani mabichi yametupwa katikati ya njia yetu. Dereva akakanyaga breki, matatu ikateleza kama inayopita juu ya sabuni, na kutoka ndani ya weupe ule likatokea tumbo la nyuma la lori la kabeji lililoharibika, limesimama kwenye lami bila taa hata moja. Tulisimama hatua nne tu kutoka kwake. Hakuna aliyeimba.

"Tokeni," dereva akasema. "Tokeni wote, mpande kule juu upande wa shamba. Haraka!" Tukanung'unika kwa sababu ya baridi na umande, lakini tukatoka. Yeye akawasha hazadi, akachukua laifseva, zile pembetatu nyekundu, akakimbia nazo nyuma. Hakuwa amefika hata hatua ishirini pale pikapu ilipochomoza kutoka kwenye ukungu. Aliruka mtaroni. Pikapu ikaigonga matatu yetu kwa nyuma kwa kishindo ambacho mpaka leo nikikikumbuka nasimamisha kalamu. Kiti nilichokuwa nimekalia dakika moja kabla kilisukumwa hadi kikagusana na kile cha mbele yake. Sanduku langu lilikunjika kama daftari. Kwa neema ya Mungu aliyeumia ni mwenye pikapu peke yake, naye alipasuka kidogo tu kipajini.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mjomba wangu, ndugu yake mama. Ameendesha trela kati ya Mombasa na Malaba kwa zaidi ya miaka ishirini, na huniita "mama" kwa kuwa nimepewa jina la mama yake mzazi. Nilitarajia anipe pole. Badala yake aliuliza, "Mama, huyo kijana alikuwa anaenda mwendo gani, na ni nani alimwambia aongeze?" Nikatazama chini. Likizo ile yote alinifundisha habari za ukungu, na muhula wa tatu ulipofunguliwa nilizileta kwa mwalimu wetu wa Fizikia, akanisaidia kupiga hesabu. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza.

Kwanza, ukungu ni nini? Ni wingu lililokaa chini, wala si kitu kingine. Watabiri wa hali ya hewa huuita ukungu pale mtu asipoweza kuona mbali zaidi ya mita 1,000. Sisi wa nyanda za juu tukisikia hivyo hucheka, maana ukungu wa Kimende au Kinale unaweza kukunyima hata mita 50. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma kutoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu. Hewa hiyo hupanda kutoka pwani, ikapita Nairobi iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ikapanda tena Limuru kwa zaidi ya mita 2,200, na Kinale kwa zaidi ya mita 2,500. Kadiri hewa inavyopanda ndivyo inavyopoa, kama nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000. Ikipoa hushindwa kuushika unyevu wake, nao ukawa matone madogo yanayoelea. Mtu aliye Nairobi hutazama juu akasema leo kuna mawingu. Mtu wa Kinale yumo ndani ya mawingu hayohayo akikama ng'ombe.

Kwa hiyo mahali pa ukungu panajulikana, na saa zake zinajulikana. Kwenye barabara yetu kuu huanza Limuru, ukashika Uplands, Kimende, Kinale na Soko Mjinga, mpaka Fly-over, kisha ukaanza kupungua tunaposhuka kwenda Kinungi na Naivasha. Baada ya Nakuru hungoja tena Mau Summit, na wa kwenda Eldoret watakutana nao Timboroa, ambako ni juu zaidi ya mita 2,700. Huwa mzito zaidi kabla ya jua kuchomoza, na siku nyingi hupungua kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi, ijapokuwa Julai kuna siku haundoki kutwa nzima. Mjomba husema ukungu ni afadhali kuliko majambazi, kwa maana ukungu una ratiba.

Sasa tuje kwenye taa, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Dereva asiyejua, akishindwa kuona, huwasha taa fulu akidhani mwanga mwingi utampasulia njia. La hasha! Yale matone ni kama vioo vidogo milioni na milioni. Mwanga wa fulu huyagonga ukarudi machoni pake, naye akajikuta anatazama ukuta mweupe. Mwenye akili hushusha taa, yaani huziweka dimu, ili mwanga upite chini na kumulika lami. Zile taa maalumu za ukungu hufungwa chini karibu na bampa kwa sababu hiyohiyo. Wako wengine wanaowasha taa ndogo tu za kuegeshea. Hizo hazimulikii dereva chochote, wala mwenziwe anayekuja hazioni mpaka wameshakaribiana. Na wako wale wasiowasha kabisa, eti kumepambazuka! Gari la kijivu katika ukungu wa kijivu saa moja asubuhi halina tofauti na gari lisilokuwapo.

Hazadi nazo zina mambo yake. Utaona magari msururu mzima yakienda huku yanapepesa taa zote nne. Nilimwuliza mjomba kama si vizuri, maana angalau yanaonekana. Akanijibu, "Hazadi inasema nimesimama. Sasa ukisema umesimama na unaenda, siku ukisimama kweli utasema nini?" Zaidi ya hayo, gari lenye hazadi haliwezi kuonyesha kwa indiketa kwamba linataka kukata kona.

Hesabu ndiyo sehemu iliyonishangaza zaidi. Gari halisimami pale dereva anapotaka kusimama. Kwanza jicho lione, akili ielewe, mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki. Jambo hilo huchukua kama sekunde moja na nusu kwa mtu wa kawaida, na muda wote huo gari linakimbia tu. Baada ya hapo ndipo breki zinapoanza kazi, na kwenye lami iliyolowa tairi hushika vibaya zaidi. Mwalimu alitupa makadirio ya gari dogo lenye breki nzuri na tairi nzuri. Likiwa katika kilomita 80 kwa saa, hupita mita 33 kabla breki hazijakanyagwa, kisha mita kama 62 zikikanyagwa kwenye lami yenye maji. Jumla ni mita 95, karibu urefu wa uwanja wetu wa kandanda. Katika kilomita 60 jumla ni mita 60. Katika kilomita 40 ni mita 32 tu.

Turudi sasa Kimende. Tuseme asubuhi ile tulikuwa tunaona mita 50 mbele. Kijana wetu alipokuwa katika arobaini, lori la kabeji lingemtokea akiwa na mita 50, naye akasimama kwa mita 32, akabakiwa na 18 za kushusha pumzi. Sisi tulipomtaka aende sitini, tulikuwa tunamtaka asimame kwa mita 60 mahali penye mita 50. Zile kumi zilizopungua zingetoka wapi? Zingetoka ndani ya lori. Sijui hasa alikuwa amefika mwendo gani tulipoyaona matawi. Ninachojua ni kwamba tulisimama hatua nne kabla ya lori, na bila yale matawi hatua hizo zisingekuwapo. Mnaona basi kwamba kijana wa watu hakuwa mwoga hata kidogo. Alikuwa anapiga hesabu ambayo sisi wasomi wa Kidato cha Tatu hatukuipiga.

Mjomba hana haja ya kalamu. Kitu kikichomoza tu kwenye ukungu, kiwe mti au nguzo ya stima, yeye huanza kuhesabu taratibu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Akikipita kabla ya kufika tano, anajua anaenda kasi kuliko macho yake, anapunguza. Nilihesabu naye safari moja hadi Naivasha. Nawaambia, ni mchezo mzuri kuliko kuimba. Tena husisitiza kuutazama mshale wa mwendo, kwa sababu katika ukungu macho hukosa miti na nyumba za kupimia, na mtu akadhani anatambaa kumbe anapaa.

Jambo jingine ni ile tabia ya kushika mkia. Dereva akiona taa nyekundu za gari la mbele hufurahi, akazifuata karibukaribu kama kifaranga na mamake. Shida ni kwamba hizo taa hazijui barabara kuliko yeye. Gari la mbele likiingia mtaroni, nalo la nyuma litaingia. Likisimama ghafla, wa nyuma hana nafasi. Na katika ukungu kuovateki ni kama kufumba macho na kuvuka barabara, kwa hiyo sina maneno mengi juu yake.

Niliahidi kutoficha kitu, basi nirudie habari ya dirisha. Abiria kumi na wawili wanaopumua na kuimba, wenye sweta zilizolowa umande, hutoa mvuke mwingi. Kioo cha mbele kina baridi kwa sababu ya hewa ya nje. Mvuke ukikigusa hugeuka matone, kama vile mfuniko wa sufuria ya ugali ukifunuliwa. Dakika chache tu dereva ana ukungu wa pili, huu wa ndani, nao si wa Mungu bali ni wetu. Waipa haziwezi kuufuta kwani ziko nje. Yeye hulazimika kufuta kwa kitambaa kwa mkono mmoja, huku usukani ameushika kwa mwingine. Dawa yake ni kuelekeza hewa ya moto kwenye kioo kama gari lina mtambo huo, na kama halina, basi dirisha moja au mawili yafunguliwe vidole viwili. Mjomba pia hupaka kioo kwa ndani sabuni kavu kidogo sana, kisha akaisugua kwa kitambaa mpaka kioo king'ae. Utando mwembamba wa sabuni huyazuia matone yasijikusanye. Nimejaribu kwenye kioo cha bweni, inafanya kazi. Lakini rafiki yetu aliyefungua dirisha asubuhi ile alikuwa anaokoa maisha, nasi tulimfokea. Nimemwomba radhi, na hapa naomba tena mbele ya shule nzima.

Kuhusu barabara yenyewe nitasema machache. Manyunyu ya Julai ni hatari kuliko watu wanavyofikiri. Mvua kubwa huosha lami, manyunyu hayaoshi. Huchanganya vumbi, mafuta ya magari na mpira wa tairi vikawa kama uji mwembamba. Kwetu kuna na tope linaloletwa na matrekta na malori ya viazi na karoti yakitoka kwenye barabara za shamba. Tairi lenye meno husukuma maji pembeni kupitia mifereji yake likaigusa lami. Tairi kipara halina pa kuyapeleka, na gari likiwa kasi huanza kuelea juu ya maji, usukani ukawa mwepesi mkononi. Ukifika hapo, asema mjomba, usikanyage breki kwa nguvu wala usizungushe usukani kwa hofu. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani moja kwa moja, acha mwendo ujipunguze mpaka tairi zishike chini tena.

Mvua ya mawe nayo ni dada yake. Kericho na Nandi zinajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na Timboroa na Mau hazijambo. Mwezi wa Septemba 2008 karibu na Nyahururu mawe hayo yalirundikana mpaka kilima kikawa cheupe, na watu wakatoka kuja kushangaa wakidhani ni theluji. Kwa dereva, lami iliyofunikwa na mawe ya mvua ni kama kuendesha juu ya gololi. Hakuna ujanja wa kuliendesha gari hapo. Mjomba hutafuta mahali pa kutoka kabisa barabarani, akangoja. Mara nyingi kusubiri ni nusu saa tu.

Halafu kuna miteremko. Barabara zetu za baridi ndizo pia za milima, na lori likitoka Mau Summit kuja Salgaa linashuka mwendo mrefu sana. Madereva wa zamani wana kanuni yao: gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Gia nzito hulizuia gari, na breki zikapumzika. Lakini wako waliokuwa wakiweka gari fri ili kuokoa mafuta, gari likishuka kwa uzito wake, breki zikichemka mpaka zikaisha nguvu. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, sehemu hiyohiyo, wakafa watu 36. Baada ya hapo ndipo pande mbili za barabara zikatenganishwa. Tarehe 30 Juni 2023, jioni, lori liliacha njia huko Londiani likawavamia watu waliokuwa kando ya barabara, wachuuzi, wenye bodaboda na abiria, wakafa zaidi ya 50. Nawataja hawa kwa kuwa wengi wao hawakuwa ndani ya gari lolote. Sisi tunaotembea kwenda shule na sweta za rangi ya bluu nzito saa kumi na mbili asubuhi tumo katika habari hii pia. Kitambaa cheupe begani, au kutembea upande wa kulia ili kuyaona magari yanayokuja, havina gharama.

Na likiharibika gari katika ukungu je? Yale matawi yalituokoa, hivyo siwezi kuyadharau. Dereva asiye na laifseva, au aliyeibiwa, hukata matawi na kuyapanga barabarani, na kila dereva wa Kenya anaijua lugha hiyo. Ila matawi hayang'ai. Usiku hayarudishi mwanga kama zile pembetatu. Pia huwekwa karibu mno na gari, kwa sababu mwenye kuyakata amechoka na anaogopa kwenda mbali. Kumbukeni zile mita 95. Onyo lililo mita 20 kutoka kwa lori ni onyo kwa anayekwenda kwa miguu. Kisha lori likishatengenezwa, dereva huondoka akayaacha matawi palepale, na wapitao kesho wakiyaona wanasema ni ya jana. Siku ya tatu hakuna anayeyaamini tena. Mjomba amewahi kusimamisha trela na kushuka kuyatoa matawi ya watu asiowajua, huku tanboi wake akimcheka.

Baada ya hapo kilicho muhimu ni kutoka ndani ya gari. Watu hukaa ndani kwa sababu ni joto. Gari lililosimama barabarani katika ukungu linangoja kugongwa, na atakayeligonga hana habari kuwa lipo. Ni kutokea upande wa mtaro, kupanda juu, na kusimama mbali, si mbele ya gari wala nyuma yake. Yule kijana alijua hilo. Nilimwuliza baadaye, tulipokuwa tukingoja gari jingine huku tumejifunika blanketi zetu za shule, ni nani aliyemfundisha. Akasema aliwahi kuwa makanga wa gari lililogongwa hivyo. Hakuongeza neno, nami sikuuliza zaidi. Nilimwambia tu kwamba aliyesema habari ya mayai ni mimi. Akanitazama, akasema, "Najua. Nilikuwa nakuona kwenye kioo."

Mwaka huu wengine wetu tumekwenda kwa mwalimu wa zamu tukiwa na ombi moja. Tumeomba kwamba siku ya kufunga muhula wa pili, magari ya wanaoelekea Nakuru na mbele yake yasitoke saa kumi na moja na nusu, bali yatoke baada ya saa tatu asubuhi, ukungu ukishaanza kuinuka. Tunajua kuna ugumu. Wenye magari hutaka kufanya safari mbili kwa siku moja, na wazazi wa Molo hawataki binti zao wafike usiku. Tumepiga hesabu: gari likitoka saa tatu, hata likienda taratibu, wa Molo watafika kabla ya saa tisa. Mwalimu aliichukua karatasi yetu ya hesabu, akaisoma mara mbili, akasema ataipeleka kwenye mkutano wa walimu. Tumemwahidi pia kwamba kwenye kila gari atateuliwa mwanafunzi mmoja wa kukaa mbele na kitambaa, na dirisha lake halitafungwa. Kwa gari la Nakuru nimejitolea mimi.